Hufa Kukiwa Kimya

Mtandao wa saiba ulikuwa unakufa kila asubuhi, na mimi nilikuwa na hakika namjua anayeuua.

Saiba yenyewe iko Zimmerman, ghorofa ya chini, kati ya kinyozi na mama wa chapo. Ina kompyuta tisa za wateja, printa mbili, na chini ya meza ya kaunta kuna mashine moja kuukuu isiyo na skrini ambayo wateja hawajui hata kama iko. Hiyo ndiyo lango. Intaneti inaingia kwa kadi yake ya kwanza ya mtandao, inatoka kwa ya pili, ndipo inafikia zile tisa. Niliiunda mimi, mwaka ule nilipoacha chuo.

Mwenye saiba tunamwita Mathe, na ndiye aliyenipokea. Nilikuwa mwaka wa tatu nikisomea sayansi ya kompyuta, karo ikakwama, nikafika mlangoni mwa chumba cha mtihani na jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliomaliza kulipa. Nilijiambia nitarudi Januari. Hiyo Januari imepita mara tatu. Siku hizi naishi kwa kuandika: maelezo ya bidhaa, makala zinazotoka na majina ya watu wengine, wasifu wa watu wanaotafuta kazi ambazo mimi mwenyewe sina. Mathe ananipa meza ya kona na intaneti ya bure, mimi namtunzia mashine. Ananiita Prof. Siku mambo yakiwa sawa jina hilo ni heshima. Mtandao ukifa ni kejeli.

Mwezi wa tano Mathe aliajiri kijana wa kufungua asubuhi. Nitamwita Brayo, kwa sababu silo jina lake. Miaka 19, amemaliza fom foo, mpole, anafagia hadi nyuma ya printa. Wiki hiyo hiyo aliyoanza kazi, mtandao nao ukaanza kufa. Anafungua saa moja. Ikifika saa moja na nusu hivi mteja anauliza mbona ukurasa haufunguki. Brayo ananipigia simu, nashuka na ndala zangu, nazima lango, naliwasha, mtandao unarudi. Mchana wote hakuna shida. Kesho asubuhi, tena.

Nikapiga hesabu ya haraka. Kabla ya Brayo hakukuwa na shida. Baada ya Brayo, shida. Na shida iko zamu yake, haiko zamu yangu. Nikamwambia Mathe kwamba labda kijana anagusa nyaya akifagia, ama labda anachomeka vitu vyake kwa swichi. Sikusema amfute. Nilisema labda. Lakini labda ikitoka kwa mtu anayeitwa Prof, haibaki kuwa labda.

Kuna siku Brayo aliniambia kitu. Nilikuwa nimeinama chini ya meza nikiwasha lango kwa mara ya ngapi sijui, naye amesimama hapo na mfagio.

"Buda, hii net hufa kukiwa kimya. Watu wakijaa haifi."

Nikacheka. Nikamwambia net si mtoto mchanga, ati lazima iongeleshwe ndiyo isilie.

Mathe alimfuta Ijumaa ya wiki ya tatu. Mshahara wa wiki mbili za mwisho hakumpa. Alisema umeenda na hasara ya wateja walioondoka. Shilingi elfu nne. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya kona nikiandika maelezo ya blenda. Sikuinua kichwa.

Jumatatu nikafungua mimi mwenyewe. Saa moja na dakika arobaini, mtandao ukafa.

*

Nilikaa pale sakafuni kando ya lango muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mteja mmoja alikuwa ananiuliza kama alipe ama asilipe. Mimi nilikuwa nakumbuka Jumapili moja usiku, mapema mwezi wa tano, nilipokuwa na bando la kutosha na moyo wa kujituma, nikasasisha mfumo wote wa lango, kerneli ikiwemo. Brayo alianza kazi kesho yake.

Kwa hiyo wiki ile vitu viwili vilibadilika. Mimi nikahesabu kimoja.

Kama hujawahi kukutana na kerneli, ni ile sehemu ya mfumo wa kompyuta inayokaa chini kabisa na kuongea na vifaa moja kwa moja: diski, kibodi, kadi ya mtandao. Programu nyingine zote huomba kupitia kwake. Ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, akiwa na miaka 21. Ndani yake kila kifaa kina draiva, yaani mkalimani wake. Ukituma ujumbe, draiva ya kadi ya mtandao inauweka kwenye foleni iliyoko kwenye memori. Kadi inakuja yenyewe kuuchukua, inautuma, halafu inaweka alama kwamba huo umeenda. Foleni hiyo ni ya mviringo; ukifika mwisho unaanza tena mwanzo. Kadi ikiacha kuchukua, foleni inajaa na kusimama. Kerneli ina mlinzi anayepitapita kukagua. Foleni ikiwa imesimama kwa sekunde kadhaa, anapiga kelele na kuiambia draiva iianzishe kadi upya.

Kelele hizo zilikuwa zimeandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi ya Brayo, na saa na dakika: foleni ya kutuma, nambari sifuri, muda umepita. Chini yake draiva imejaribu kuianzisha kadi na kushindwa. Chini zaidi, thamani iliyosomwa kutoka kwa kadi: herufi f mara nane. Kusoma kifaa ukapata f tupu kwa kawaida maana yake ni kwamba hakuna aliyejibu. Kadi iko, taa inawaka, waya uko, lakini ukibisha hodi hakuna mtu.

Wiki tatu habari hiyo ilikuwa pale. Mimi ndiye pekee niliyejua kuisoma, na sikuifungua, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari na lilikuwa limeshika mfagio.

*

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kujaribu maneno ya Brayo. Mathe akifunga huzima swichi kuu ili tokeni za stima zisiishe usiku, ndiyo maana lango lilikuwa halikai kimya usiku kucha. Kimya chake kilikuwa kile cha asubuhi, mashine zimewashwa na wateja wawili wanasoma gazeti. Nikamwomba nilale saiba. Akasema sawa, lakini tokeni za usiku ni zangu.

Usiku wa kwanza niliacha video zikicheza kwa kompyuta nne hadi asubuhi. Mtandao haukufa. Usiku wa pili niliacha kila kitu kimewashwa na hakuna anayegusa. Ulikufa baada ya dakika 35. Nikawasha upya, nikanyamaza tena. Ukakufa tena.

Hufa kukiwa kimya. Alikuwa amesema hivyo hivyo, kwa maneno machache kuliko yangu.

Sasa nilikuwa na njia ya kuifanya hitilafu itokee, na hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumjua aliyeileta. Nikaweka matoleo ya kerneli moja moja, ya zamani kwenda mapya, hadi nikapata mawili yanayofuatana: la kwanza halifi, la pili linakufa. Kati ya hayo mawili kulikuwa na mabadiliko kama 13,000, yameandikwa na watu wa kila pembe ya dunia. Huwezi kuyasoma yote. Lakini kuna chombo kinaitwa Git, ambacho Torvalds huyo huyo alikianza mwaka 2005, na ndani yake kuna amri ya git bisect. Unaiambia: hapa ilikuwa nzuri, hapa ni mbaya. Inakupeleka katikati kabisa. Unaijenga kerneli ya hapo katikati, unaijaribu, unasema nzuri au mbaya. Kama ni mbaya, kosa liko nusu ya nyuma. Kama ni nzuri, liko nusu ya mbele. 13,000 zinakuwa 6,500, halafu 3,250. Raundi kumi na nne unabaki na badiliko moja.

Kwa karatasi ni tamu. Kwa laptopu yangu, kujenga kerneli moja kulichukua saa moja na dakika ishirini, na hiyo ni baada ya kupunguza vifaa vyote ambavyo lango halina. Halafu kuipeleka kwa lango, kuwasha, kukaa kimya, kungoja. Mara mbili stima ilipotea katikati ya ujenzi. Nilikuwa nalala kwenye viti viwili vilivyoelekezana, simu imewekwa kengele, na mama wa chapo akifungua asubuhi ananiuliza kama nimefukuzwa nyumbani.

Na raundi zile nikazikamilisha zote kumi na nne, na git bisect ikanionyesha mkosaji: badiliko la draiva ya kamera.

Lango halina kamera.

*

Kosa lilikuwa langu, na nikilieleza kwa wenzangu wa kuandika huwa hawaoni ukubwa wake, kwa hiyo nitajaribu polepole. Kusema kerneli fulani ni mbaya ni rahisi: imekufa mbele yako, basi, ushahidi umekamilika. Kusema ni nzuri ni kitu kingine. Haijafa. Haijafa lini? Kwa saa moja niliyongoja? Kukaa bila kufa hakuthibitishi kitu; kunaongeza tu matumaini kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nangoja saa moja, nasema nzuri, naenda mbele, kwa sababu nilitaka kumaliza. Na git bisect haikuulizi una hakika kiasi gani. Ukiidanganya mara moja, inaamini, na raundi zote zinazofuata zinafanya hesabu sahihi kabisa kuelekea kwa mtu asiye na hatia.

Nikarudia kila niliyoiita nzuri. Ya sita ilikufa baada ya saa moja na dakika hamsini.

Nilipokuwa nangoja hizo saa, nilisoma kisa cha mwaka 2008. Toleo la Linux 2.6.27 lilikuwa bado kwenye majaribio, na kadi za mtandao za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zikaanza kuharibika. Hizi hazikukwama kama yangu. Ile memori ndogo iliyo ndani ya kadi, inayohifadhi mpaka anwani yake, ilikuwa inaharibiwa, na kuwasha upya hakukusaidia. Macho yakaenda kwa draiva. Wengine wakashuku programu za michoro ya skrini. Kumbe chanzo kilikuwa ftrace, chombo cha kufuatilia kazi za kerneli, ambacho hakihusiani na mtandao hata kidogo. Kilikuwa kinaweka orodha ya sehemu za memori zenye msimbo. Baadhi ya msimbo ulikuwa umeshamaliza kazi na nafasi yake kuachiliwa, lakini orodha haikufutwa. Ftrace ikarudi pale pale kubadilisha maandishi yake, bila kujua nafasi ile sasa ina mpangaji mwingine, yaani mlango wa memori ya kadi ya mtandao. Toleo la 2.6.27 lilitoka tarehe 9 Oktoba 2008, na siku chache baadaye likafuatwa na 2.6.27.1, ambalo liliizima sehemu hiyo ya ftrace. Watu wa Intel nao wakaongeza kufuli ya kuzuia memori ile isiandikwe ovyo.

Nilisoma kisa hicho mara mbili. Draiva ilishtakiwa kwa sababu ilikuwa karibu na maiti.

*

Mara ya pili nilingoja saa tatu kila raundi. Raundi mbili kwa usiku, basi. Tarehe 20 Juni alfajiri nikafika, na safari hii badiliko lilikuwa la draiva ya kadi yangu yenyewe. Mistari michache tu. Aliyeiandika alikuwa na nia nzuri: kadi isipokuwa na kazi, njia inayoiunganisha na kompyuta iruhusiwe kulala ili betri za laptopu zidumu. Kwenye kadi nyingi inafanya kazi vizuri kabisa. Kwa aina yangu ya chipu, ndani ya mashine kuukuu kama lango, njia ikilala sana haiamki. Wateja wakijaa haipati nafasi ya kulala. Wakipungua, inasinzia, na ndiyo hapo unabisha unajibiwa f nane.

Nikaitoa mistari ile, nikajenga kerneli, nikaiacha kimya usiku mzima. Asubuhi ilikuwa hai. Nikaiacha usiku wa pili. Hai. Wa tatu nao nikauacha, kwa sababu nilikuwa nimejifunza.

Halafu nikawaandikia watunzaji wa draiva ile. Niliandika barua hiyo kwa makini kuliko makala yoyote niliyowahi kulipwa: nini kinatokea, lini, nimejaribu nini, badiliko gani. Nilitarajia niulizwe mimi ni nani, nimesomea wapi. Hakuna aliyeuliza. Jibu lilikuja siku iliyofuata kutoka kwa msanidi mmoja wa Ulaya, anataka maelezo zaidi ya mashine. Nikampa. Akatuma marekebisho ya mistari sita ya kuzuia chipu ya aina yangu isilale usingizi ule mzito, na akaniomba nijaribu. Nikajaribu.

Kerneli ina desturi ambayo sikuijua. Kila rekebisho linabeba mistari midogo chini yake. Mstari mmoja unataja waziwazi badiliko lililoleta kosa, kwa nambari yake, bila tusi wala aibu: hili linarekebisha lile. Mwingine unataja aliyejaribu. Mwingine unataja aliyeripoti. Akaniuliza aandike jina gani hapo kwa aliyeripoti.

Niliiacha barua hiyo siku nzima bila kuijibu.

*

Brayo nilimpata kwa steji ya boda Roysambu. Hana pikipiki, alikuwa anaosha za wengine, shilingi hamsini moja. Nilikuwa nimepanga maneno njiani nikayasahau yote. Nikamwambia tu vile ilivyo: haikuwa wewe, ilikuwa mimi, nilisasisha mashine Jumapili kabla hujaanza, na mimi ndiye niliyemtia Mathe hilo wazo kichwani.

Aliendelea kusugua gurudumu kwa muda.

"Si nilikuambia hufa kukiwa kimya?"

"Uliniambia."

"Ukacheka."

"Nilicheka."

Akamwaga maji. Akaniuliza na zile elfu nne je. Nilikuwa nazo. Zilikuwa malipo ya ile kazi ya blenda na nyingine mbili. Nikamtumia palepale kwa M-Pesa, akangoja simu ilie ndiyo akanisalimia kwa mkono. Hakusema yameisha. Na mimi sikumuuliza.

Mathe nilimwambia jioni hiyo, mbele ya wateja, kwa sababu Brayo alifutwa mbele ya wateja. Alinyamaza, akapanga karatasi za printa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Kisha akasema, "Na wewe Prof, si ndiyo ulisomea hizi vitu?" Sikuwa na jibu. Alimpigia Brayo simu arudi. Brayo alikataa kwa adabu, akasema asante mathe, nimeshazoea huku.

Lakini kabla sijaondoka steji nilikuwa nimemweleza kuhusu ile barua na ule mstari. Sidhani nilieleza vizuri. Nilisema ni kama kitabu kikubwa ambacho kiko ndani ya simu na seva nyingi duniani, na kuna mahali majina huandikwa ya waliosaidia. Akauliza kama kuna pesa. Nikasema hakuna. Akafikiria.

"Sasa ukiandika, usiandike Brayo. Andika ya kitambulisho."

Akanipa majina yote matatu, na barua pepe aliyokuwa ameifungua kwa kompyuta nambari nne, wiki yake ya kwanza kazini.

Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za KRA, foleni ilitoka saiba hadi kwa kinyozi. Mtandao haukufa. Mathe aliwaambia wateja kwamba Prof amerekebisha. Sikumsahihisha hapo hapo, kulikuwa na kelele nyingi. Lakini siku hiyo mtandao haungekufa hata bila dawa. Watu walikuwa wamejaa.